China au India: ukiambiwa uchague mmoja, dau lako unaweka kwa nani?

Hii mada kila ikiibuka huyu anakwambia Mchina ameshamaliza mchezo, yule anakwambia subiri Mhindi anakuja, na wote wana takwimu za kutosha kukunyamazisha. Shida ni kwamba wanajibu maswali tofauti. Mmoja anaongelea nani ana nguvu leo, mwingine anaongelea nani atakuwa na nguvu miaka 30 ijayo, alafu kuna swali la tatu ambalo halipewi nafasi kabisa, la yule anayeishi katikati yao na lazima aamue analala upande gani, yani Nepal, Bhutan, Sri Lanka, Maldives na wenzao. Nitayapitia yote matatu ila nisikuzungushe, msimamo wangu huu hapa mapema: kwa leo ni China na sioni pa kubishania, na sababu yenyewe sio chama cha kikomunisti wala ukubwa wa jeshi, ni viwanda. Ukishika hilo la viwanda mengine mengi yanajieleza yenyewe, mpaka kule mlimani walikopigana kwa marungu.

Walianzia sehemu moja

Kitu ambacho vijana wengi hawaamini ni kwamba mwaka 1990 ukigawa pato la taifa kwa kila kichwa, India ilikuwa juu ya China kidogo. Wote masikini wa kutupwa, kila mmoja chini ya dola 400 kwa kichwa kwa mwaka. Leo China iko kama dola 13,000 na India kama 2,700. Yani ndani ya umri wa mtu mmoja wamepishana mara tano hivi, na hakukuwa na vita wala mafuta yaliyogunduliwa ghafla.

China ilianza mageuzi Desemba 1978 chini ya Deng Xiaoping, mwaka 1980 wakafungua Shenzhen pale pembeni ya Hong Kong kama eneo maalum la uchumi, wakaruhusu mtaji wa nje uje na mashine zake na wao watoe ardhi na mikono. 2001 wakaingia Shirika la Biashara Duniani na hapo ndo mlango ukang'oka kabisa. India wao walibadilika kwa kubanwa. Mwaka 1991 dola ziliwaishia, akiba ya fedha za kigeni ilibaki ya kununulia bidhaa za wiki chache tu, ikabidi dhahabu kama tani 47 iwekwe rehani Benki Kuu ya Uingereza na ya Japani. Waziri mkuu Narasimha Rao na waziri wake wa fedha Manmohan Singh wakaanza kubomoa ule mfumo wa vibali ambao ulikuwa unamtaka mwenye kiwanda aombe ruhusa hata ya kuongeza uzalishaji.

Kwahiyo China ilitangulia miaka 13 hivi. Ila miaka 13 peke yake haielezi pengo la mara tano. Kinachoeleza ni ardhi, na hapa nakaa kidogo maana ndo kiini.

China walipojenga bwawa la Three Gorges kwenye mto Yangtze walihamisha watu zaidi ya milioni 1.2. Miji mizima ikazama, na bwawa likajengwa. Sasa linganisha na Singur, jimbo la West Bengal, India. Tata Motors walitaka kujenga kiwanda cha ile gari yao ndogo ya bei rahisi, Nano, kwenye ekari kama 1,000, wakulima wakagoma, mwanasiasa wa upinzani Mamata Banerjee akawaongoza, maandamano kila siku mpaka mwaka 2008 Tata wakafungasha wakahamia Gujarat. Cha kuchekesha ni kwamba serikali ya jimbo iliyokuwa inamtetea bepari ilikuwa ya wakomunisti. Mwaka 2011 Mamata akawatoa madarakani baada ya wao kukaa miaka 34, na 2016 mahakama kuu kabisa ya India ikaamuru ardhi irudishwe kwa wakulima.

Ukiniuliza ningependa kuwa mkulima wapi, nasema India bila kufikiria mara mbili. Ukiniuliza ningependa kujenga kiwanda wapi, unajua jibu. Hii sio kasoro ndogo ya India ambayo waziri fulani mchapakazi ataiondoa, ndo nchi yenyewe ilivyo, watu wana kura na mahakama zinasikiliza, na gharama ya hilo ni kwamba barabara inachelewa na kiwanda kinahama. Ongeza na sheria za kazi za zamani, kiwanda chenye wafanyakazi 100 na kuendelea kilitakiwa kiombe ruhusa ya serikali kabla ya kupunguza watu, kwahiyo wengi wakaamua kubaki wadogo makusudi. Hata cherehani hawakuongeza.

India ikaruka hatua. Badala ya kutoka shambani kwenda kiwandani alafu ofisini, ikatoka shambani moja kwa moja ikaingia kwenye kompyuta. Bengaluru, Hyderabad, kampuni kama Infosys na TCS zikawa zinaandikia benki za Marekani na Ulaya programu. Ni kazi nzuri, inalipa, ila sekta hiyo yote inaajiri watu milioni tano na ushee kwenye nchi ya watu bilioni 1.4, wakati kilimo bado kinashikilia zaidi ya asilimia 40 ya wanaofanya kazi. Mtoto wa mkulima wa Bihar aliyeishia darasa la nane hawezi kuandika programu za benki ya London, lakini angeweza kushona viatu au kufunga skrubu za simu. Hiyo kazi ya skrubu ndo iliyowatoa Wachina mamia ya milioni kwenye umasikini, na hiyo hiyo India haina ya kutosha.

Namba kwa haraka

Pato la taifa mwaka 2024: China zaidi kidogo ya dola trilioni 18, India karibu trilioni 3.9.

Matumizi ya kijeshi 2024 kwa hesabu za SIPRI, taasisi ya Sweden inayofuatilia silaha duniani: China dola bilioni 314, India bilioni 86.

Askari walio kazini: China kama milioni 2, India milioni 1.4 na zaidi.

Vichwa vya nyuklia: China karibu 600, India karibu 180. Wote wana sera ya kutokuwa wa kwanza kuzitumia.

Meli kubwa za kubeba ndege za kivita: China 3, India 2.

Uzalishaji wa viwandani duniani: China inakaribia asilimia 30, India kama 3.

Ukisoma hapo harakaharaka unaweza kufunga mjadala ukaenda zako. Usifunge, kwasababu nyingi ya hizi namba zinadanganya kidogo kutegemea unasimama wapi. China ina Marekani, Japani na Taiwan za kuangalia upande wa mashariki, haiwezi kuleta bilioni 314 zote milimani. India nayo ina Pakistan mgongoni. Hamna hata mmoja anayempiga mwenzake kwa mikono miwili.

Mlimani

Mpaka wao wenyewe hawajakubaliana urefu wake. India inahesabu kilomita 3,488, China inahesabu pungufu sana, maana kuna maeneo China inaona sio mpaka wao wa kujadili. Ugomvi mkubwa uko sehemu mbili. Magharibi kuna Aksai Chin, nyanda kavu za juu ambazo China inazishikilia na India inadai ni sehemu ya Ladakh. Mashariki kuna Arunachal Pradesh ambayo India inaishikilia na China inaiita Tibet ya Kusini, mstari pale ulichorwa Simla mwaka 1914 na Waingereza pamoja na wawakilishi wa Tibet, China ikakataa kuutambua mpaka leo.

Miaka ya 50 walikuwa marafiki wa kuimbiana. Alafu China ikajenga barabara ya kuunganisha Xinjiang na Tibet ikipita Aksai Chin, ikakamilika 1957, na India ikaja kugundua kazi imeshaisha. 1959 Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Tibet, akakimbilia India, waziri mkuu Nehru akampokea, na Oktoba 1962 ikawa vita. Mwezi mmoja tu, China ikashinda vibaya, ikatangaza yenyewe kusimamisha mapigano ikarudi nyuma upande wa mashariki. Kwa Mhindi wa rika fulani 1962 bado ni kidonda. Kwa Mchina wa kawaida ni kitu hata shuleni hakikaziwi sana. Hii tofauti ya kumbukumbu mimi naona ina uzito kuliko vifaru vingi, kwasababu India inajipima kila siku kwa China, na China inajipima kwa Marekani.

Baadae wakakubaliana, mkataba wa 1996, kwamba hakuna kufyatua risasi ndani ya kilomita mbili za mstari unaotenganisha majeshi yao. Ndo maana Juni 15, 2020 kwenye bonde la Galwan, nchi mbili zenye nyuklia zilipigana usiku kwa mawe na marungu yenye misumari. Wanajeshi 20 wa India wakafa, China baadae mwaka 2021 ikakiri vifo vinne vya upande wake. Baada ya hapo kila upande ukapeleka makumi ya maelfu ya askari kukaa kwenye baridi ya kufa mtu, na ilichukua mpaka Oktoba 2024 kukubaliana namna ya kufanya doria Depsang na Demchok, maeneo mawili ya upande wa Ladakh.

Sasa nani ana nafuu huko juu? China iko kwenye uwanda wa Tibet, ni juu lakini ni tambarare, kwahiyo barabara na reli zinafika kirahisi. Reli ya kwenda Lhasa ilifunguliwa 2006, ikaongezwa mpaka Nyingchi karibu na Arunachal mwaka 2021. India inapanda kutoka bondeni, milima mikali, maporomoko, theluji inafunga njia miezi. Ndo kwanza imeamka: handaki la Atal la kilomita 9 likafunguliwa 2020, la Sela mwaka 2024. Kwa miaka mingi India ilifanya makusudi kutojenga barabara za mpakani ikiogopa adui asije akazitumia kushuka, mkakati ambao kusema kweli ulikuwa wa kujifungia ndani na kutupa funguo.

Ila usiandike Mchina ameshinda mlimani, bado. Viwanja vyake vya ndege Tibet viko juu sana, hewa ni nyepesi, ndege haiwezi kuruka na mafuta kamili na makombora kamili, inachagua kimoja. Ndege za India zinaruka kutoka tambarare za chini kama Tezpur zikiwa zimejaa. Na askari wa India wa milimani wana uzoefu ambao haununuliwi, wako kwenye barafu ya Siachen tangu 1984 na walipigana na Pakistan kule Kargil 1999. Jeshi la China halijapigana vita kamili tangu ile ya Vietnam mwaka 1979. Luteni wa leo wa China ni nadra kupata kamanda aliyewahi kurushiwa risasi.

Kwahiyo mlimani mimi nasema China ana nafuu, ila sio nafuu ya kumfanya aingie Delhi, ni nafuu ya kumsumbua India kwa gharama ndogo wakati wowote anaotaka. Na hilo linamtosha, kwasababu kila rupia inayoenda kwenye koti la askari wa Ladakh haiendi kwenye manowari.

Baharini mambo yanageuka

Hapa ndo India inapumua. Mafuta mengi ya China yanatoka Ghuba na Afrika, yanavuka Bahari ya Hindi, alafu yanajibana kwenye mlango wa bahari wa Malaka. Na pale mlangoni kabisa, upande wa magharibi, kuna visiwa vya Andaman na Nicobar, vya nani? Vya India, na tangu 2001 kuna kamandi ya pamoja ya majeshi yote pale. Angalia ramani dakika moja tu utaelewa kwanini China imekuwa ikitafuta bandari kama mtu anayetafuta choo safarini: Gwadar ya Pakistan, Hambantota ya Sri Lanka iliyokodishwa miaka 99 mwaka 2017, na kambi ya kijeshi Djibouti mwaka huo huo.

Jeshi la majini la China ndo lenye meli nyingi kuliko lote duniani sasa hivi, na meli yao mpya Fujian ina mtambo wa kurushia ndege kwa nguvu ya sumakuumeme, teknolojia ambayo kabla yao alikuwa nayo Marekani tu. India ina Vikramaditya ambayo ni ya Kirusi iliyokarabatiwa na Vikrant iliyojengwa Kochi ikaanza kazi 2022. Kwa meli na meli hamna mchezo. Lakini meli za China zikija Bahari ya Hindi ziko mbali na nyumbani, zinahitaji mafuta, chakula, matengenezo, na ndege za India zinaruka kutoka nchi kavu. Ukiniambia nichague upande wa vita vya baharini magharibi ya Malaka, nakaa na India, kwa miaka kumi ijayo hivi. Baada ya hapo sijui kama nafuu hiyo itabaki, kwa kasi ile wanayojenga meli Shanghai na Dalian.

Silaha zinatoka wapi

Hapa viwanda vinarudi tena. India kwa miaka mingi imekuwa kati ya wanunuzi wakubwa kabisa wa silaha duniani: mitambo ya S-400 ya kudungua ndege kutoka Urusi, ndege za kivita 36 za Rafale kutoka Ufaransa, helikopta na ndege za Marekani. China nayo ilikuwa mnunuzi mkubwa wa Urusi miaka ya 90, tena hata S-400 nayo ilinunua, ila ilivyokuwa inanunua ilikuwa inajifunza (na kunakili, tuseme ukweli), leo ina ndege yake ya J-20 isiyoonekana kirahisi kwenye rada na ni kati ya wauzaji wakubwa. Mteja wake mkuu ni nani? Pakistan, inayochukua zaidi ya nusu ya silaha inazouza nje.

Mei 2025 India na Pakistan walipopigana siku nne, Pakistan ilitumia ndege za J-10C na makombora ya PL-15, yote ya Kichina. Jeshi la India lilikuja kukubali kwamba lilipoteza ndege bila kutaja ngapi. Maana yake ni kwamba China inaipima India bila kutoa hata askari mmoja. India haina jirani wa namna hiyo wa kumtumia upande wa pili, ina marafiki wa Quad, Marekani na Japani na Australia, lakini ule sio muungano wa kijeshi, hamna aliyeahidi kufa kwa ajili ya Ladakh. Na Agosti 2025 Marekani huyo huyo akaipiga India ushuru uliofika asilimia 50, nusu yake kisa mafuta ya Urusi, mwisho wa mwezi waziri mkuu wa India Modi akaonekana Tianjin, China, anapeana mkono na Xi Jinping. Siasa za hawa watu zinachosha.

Anga za juu napita tu: India ilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi Agosti 2023 kwa bajeti ndogo ya kushangaza, China imerudisha udongo kutoka upande wa mwezi tusiouona mwaka 2024 na ina kituo chake kinachozunguka. India inashinda kwa bei, China kwa kazi.

Maadui wanaouziana

Hili ndo linalowavuruga watu. Baada ya Galwan India ilifungia TikTok na apu nyingine 58 za Kichina, masharti magumu kwa mtaji unaotoka nchi inayopakana nayo ilikuwa imeshayaweka Aprili mwaka huo, wananchi wakavunja televisheni barabarani. Biashara ikafanya nini? Ikaongezeka. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 India ilinunua China bidhaa za dola bilioni 113 na kuiuzia za bilioni 14 tu. Nakisi karibu bilioni 99.

Na sio midoli. India inajiita duka la dawa la dunia, na kweli dawa zake za bei nafuu ziko kila mahali, ila sehemu kubwa ya malighafi za hizo dawa inatoka China. Paneli za jua, vifaa vya simu, mashine za kuchimba mahandaki, hivyo hivyo. April 2025 China ilipobana usafirishaji wa sumaku za madini adimu katikati ya ugomvi wake na Marekani, viwanda vya magari vya India vikaanza kuhesabu siku zilizobaki stoo. Yule anayekuzuia kutengeneza pikipiki ya umeme kwa kuchelewesha tu makaratasi hahitaji kukutumia kifaru.

Hata hiyo simu ya iPhone ambayo sasa inaunganishwa Tamil Nadu na Karnataka, na ni hatua kubwa sana sitaki kuidharau, vipande vyake vingi vinatoka China, na Foxconn, kampuni inayoziunganisha, waliporudisha mamia ya mainjinia wa Kichina kwao mwaka 2025 wengi wakaona nani ameshika funguo.

Umri

Sasa upande wa India wenye nguvu kweli. Mwaka 2023 iliipita China kwa idadi ya watu, lakini idadi sio hoja, hoja ni umri. Mhindi wa katikati ana miaka 28 hivi, Mchina 39 na anaendelea kuzeeka. Ile sera ya mtoto mmoja iliyoanza kama 1980 ikafutwa mwisho wa 2015 imewaachia nchi ambayo tangu 2022 watu wanapungua, na kuruhusu watoto watatu hakujasaidia kitu maana nyumba ni ghali na vijana wamechoka. Alafu sekta ya nyumba yenyewe, iliyokuwa inabeba uchumi, imeanguka, kampuni kubwa ya ujenzi wa nyumba ya Evergrande mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe Januari 2024.

Wanaomuwekea India dau wanategemea hapa. Na nakubali kwamba mtaji wa vijana upo, uchumi unakua kwa asilimia 6 mpaka 8 wakati China iko 5. Lakini fanya hesabu: asilimia 5 ya trilioni 18 ni bilioni 900. Asilimia 7 ya trilioni 3.9 ni bilioni 273. Pengo kwa dola bado linapanuka hata India ikikimbia zaidi. Na kijana asiye na kazi sio mtaji, ni maandamano. Serikali ya Modi ilianzisha Make in India mwaka 2014 ikilenga viwanda vifike asilimia 25 ya uchumi, miaka zaidi ya kumi baadae havijafika hata 20. Kwenye utafiti na ugunduzi India inatumia chini ya asilimia 1 ya pato lake, China zaidi ya 2.5.

Wanaokaa katikati

Hawa ndo walinganishaji wa kweli, maana kwao sio ubishi, ni maisha. Nepal mwaka 2015 ilikaa miezi bila mafuta na gesi baada ya malori kukwama mpaka wa India, wakalaumu India, India ikakana, mwaka uliofuata Nepal ikasaini na China mkataba wa kupitisha mizigo. Nzuri kwenye karatasi, ila bandari za China ziko maelfu ya kilomita na Kolkata iko hapo chini. Uwanja wa ndege wa Pokhara ukajengwa kwa mkopo wa China ukafunguliwa 2023, na ndege za kimataifa za ratiba zikawa za kutafuta kwa tochi.

Sri Lanka 2022 ilipofilisika, mkopeshaji wa haraka alikuwa India, karibu dola bilioni 4 za msaada na mikopo ya mafuta na chakula, wakati China ilikuwa inavuta miguu kwenye kusamehe madeni. Maldives rais Muizzu alishinda 2023 kwa kampeni ya kuwafukuza askari wa India, akawafukuza kweli, ziara yake kubwa akaenda Beijing. Oktoba 2024 hazina ikakauka, akapanda ndege kwenda Delhi akarudi na msaada wa fedha wa zaidi ya dola milioni 700. Bhutan yenyewe haina hata ubalozi na China, na Doklam 2017 wakubwa walisimamiana zaidi ya miezi miwili kwenye ardhi ambayo Bhutan inasema ni yake.

Ninachokiona hapo ni kwamba China anajenga vizuri kuliko India na anajenga haraka, ila India ndo anakuja usiku ukiwa umeishiwa, kwasababu moto wa nyumba ya jirani unamfikia yeye. Na India naye ana tabia ya kaka mkubwa anayechunguza mfuko wako, ndo maana kila uchaguzi kwa majirani kuna mtu anashinda kwa kumtukana.

Haya, uchague nini

Kama unachagua nani ana nguvu, China, na usipoteze muda. Kama wewe ni nchi ndogo inayopakana nao, daraja chukua kwa China kwa mkataba ulioupitia na mwanasheria wako, sio wake, na urafiki weka kwa India, maana ramani huwezi kuihamisha. Kama unachagua pa kuweka mtaji kwa miaka 20 na una moyo wa kusubiri mahakama, India ina nafasi ya kukua ambayo China haina tena, ila angalia majimbo sio nchi: Tamil Nadu na Gujarat ni kitu kimoja, Bihar ni kitu kingine kabisa.

Na kama unachagua nani atakuwa juu mwaka 2050, mimi bado naiweka China mbele, kwa pengo dogo kuliko la leo. Kitakachonibadilisha sio India kutua Mars wala kununua Rafale nyingine. Ni siku ile asilimia ya viwanda itakapovuka 20 na kuendelea kupanda miaka mitano mfululizo, na ile nakisi ya bilioni 99 ikaanza kushuka bila serikali kufungia kitu chochote.